Kitanda cha Marged Uzioni

Kishamba kile kilikuwa cha baba yake Nesta kabla hakijawa cha mumewe. Baba alikabidhiwa mwaka aliooa, akakilima kila Jumamosi na kila jioni ya kiangazi, mpaka vumbi la mgodi lilipomjaa kifuani akawa hawezi tena kuupanda mlima. Siku hizo chama cha vishamba kiliandika majina ya wanaume tu, basi kikahamia kwa mkwe, Emlyn Probert, ingawa aliyejifunza kutambaa kati ya mistari ya mboga za liki alikuwa Nesta. Hakulalamika. Emlyn alikuwa mtu wa udongo, juu na chini. Mchana alichimba makaa ya mawe, jioni alichimba viazi, na kote alichimba kwa utulivu uleule, bila kuharakisha, bila kuacha.

Jirani yao pale kilimani alikuwa Dilwyn Rees. Yeye na Emlyn walikuwa wenzi wa shimo. Mmoja alichimba, mwingine akasimamisha magogo ya kuzuia dari lisiwaangukie, na kwa kazi ya namna hiyo mtu humjua mwenzake kuliko mkewe anavyomjua. Dilwyn alimwita Nesta shemeji. Menna, mke wa Dilwyn, hakuwa akienda dukani bila kwanza kugonga kwa Nesta kumuuliza kama ana la kuagiza. Vishamba vyao vilikuwa vya mwisho juu kabisa, vikipakana na mlima ambako kondoo huzurura wapendavyo. Kati ya vishamba viwili hapakuwa na uzio, njia ya toroli tu. Uzio ulikuwa upande wa mlima, kila nyumba ikitunza kipande chake.

Kisha ukaja mgomo. Serikali iliposema itafunga migodi, wanaume wote wa kijiji chao, Cwm Helyg, waliweka zana chini siku moja. Emlyn alikuwa miongoni mwa walioondoka nyumbani alfajiri kwenda kusimama kwenye malango ya migodi ya mbali, na Nesta alisimama na Menna katika ukumbi wa kanisa wakimenya viazi vya kulisha kijiji kizima. Vishamba vya wenzao vilipandwa mpaka ukingoni mwaka ule, kwa kuwa ndivyo vilivyojaza masufuria. Cha Emlyn hakikupandwa. Kwanza mwenyewe hakuwapo, halafu Marged, mama yake Nesta aliyekaa nao, akaugua kifua, na Nesta akawa hatoki nyumbani. Majani hayajui mgomo. Ilipofika vuli usingeweza kujua kwamba pale palikuwa bustani.

Kijiji kilikuwa juu ya makaa ya mawe, na majira ya baridi yalipoingia hakukuwa na hata bonge la kuwasha. Watu walichoma viatu vikuukuu, makabati, vigae vya plastiki vya sakafuni vilivyonuka hadi barabarani. Januari Emlyn alipanda kilimani akazing'oa nguzo za uzio wake, akazichoma moja baada ya nyingine katika chumba cha nyuma ghorofani alikolala Marged. Hazikusaidia. Mama alifariki mwisho wa mwezi katika kitanda chake cha chuma, amevaa makoti mawili.

Walipomaliza kumzika, Nesta alikaa jikoni bila kuvua kofia.

“Mama amekufa kwa baridi, juu ya makaa,” akasema. “Rudi kazini, Emlyn. Mimi siwezi tena.”

Jumatatu iliyofuata alipanda lile basi lenye wavu wa chuma madirishani, lililowapeleka mgodini waliovunja mgomo. Hakumwambia mtu yeyote. Wiki tatu baadaye mgomo ukavunjika, na wanaume wote wakarudi kazini pamoja, bendera mbele, tarumbeta na ngoma zikilia, wake zao wakiwapigia makofi na kulia. Nesta alitazama kupitia kwenye pazia. Emlyn alikuwa ameshashuka mgodini.

Wiki tatu. Kama wangevumilia wiki tatu tu. Zilikaa ndani yake kama jiwe ndani ya kiatu, na kila hatua alizikanyaga.

Hakuna aliyewatukana usoni. Pengine matusi yangekuwa nafuu. Dukani walihudumiwa haraka, wapate kuondoka. Kanisani watu hawakuhama walipoketi. Walisogea kidogo tu, kwa adabu, nafasi ya mtu mmoja. Menna alimwona Nesta akija akavuka barabara, na Nesta, aliyemkumbuka Menna huyohuyo akimsaidia kumwosha marehemu mama yake, aligeuka akarudi nyumbani bila kununua alichokuwa ameendea. Emlyn naye alipelekwa sehemu nyingine ya mgodi, kwenye mkanda wa kusafirishia makaa, mahali ambapo mtu mmoja anatosha. Alikula peke yake. Nyumbani aliketi kwenye kiti kando ya moto, maana sasa moto ulikuwapo, akautazama. Siku moja Nesta aliingia kwenye kibanda cha makaa, akaiona ile kamba ndefu iliyoning'inia kwenye msumari, akaitoa na kuificha chini ya shuka kabatini. Hakumwambia mtu.

Mwezi Machi ukielekea ukingoni, Mzee Garfield Pugh, katibu wa chama cha vishamba, aligonga mlango. Hakutaka kuingia. Alisema kwa upole kwamba sheria ni ileile kwa wote: kishamba ambacho hakitakuwa kimelimwa ifikapo Mei mosi kitapewa mwingine. Alisema anasikitika, na huenda alisikitika kweli.

“Wakichukue,” Emlyn alisema alipoelezwa.

“Ni cha baba yangu,” Nesta akasema.

Asubuhi yake alitoa sepetu ya baba, akatia mundu na uma wa bustani kwenye toroli, akapanda mlima.

Hakuwa amefika pale tangu kiangazi kilichopita. Michongoma ilikuwa imevuka kutoka mlimani na kutambaa hadi katikati, kila shina likiwa limeinama na kutia mizizi upya lilipogusa ardhi. Chini yake ilikuwa sangari, ile nyasi ambayo ukikata mzizi mmoja umezaa saba. Watu walikuwa wamemwaga majivu yao na chupa zilizovunjika mahali palipokuwa na stroberi. Upande wa mlima palikuwa wazi, mashimo ya nguzo yakiwa yamejaa maji, waya umelala kwenye nyasi. Na kwenye mlango wa kibanda cha zana, kwa rangi nyeupe ya mafuta, mtu aliandika kwa herufi kubwa: MSALITI.

Nesta alichukua gunia akalitundika juu ya lile neno, akaanza kufyeka.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba na hakuwa mvivu, lakini mwaka wa njaa ulikuwa umemla nyama ya mikono. Siku za kwanza alifyeka kidogo, akapumzika sana. Miiba ilimchana juu ya glavu. Alirundika michongoma akaichoma, na moshi wake ulikwenda juu ya vishamba vya wengine. Alipoenda bombani kuteka maji, wanaume wawili waliokuwa pale wakizungumza habari za mbegu walinyamaza, wakachukua ndoo zao kabla hazijajaa. Ng'ambo ya njia ya toroli, Dilwyn alilima mgongo wake ukimwelekea Nesta. Alijua kumpa mtu mgongo: hata alipohitaji kugeuka kupanda mstari mwingine, aliuzunguka upande wa pili. Kishamba chake kilikuwa kimechanwa kama nywele za mtoto anayepelekwa shule. Kabichi zake za majira ya kuchipua zilikuwa zimeanza kufunga.

Udongo ndio uliomtendea wema. Chini ya sangari ulikuwa bado mweusi na laini, udongo wa samadi ya miaka mingi ya baba yake, na alipouinua kwa uma ulivunjika wenyewe. Alipiga magoti akatoa mizizi myeupe kwa vidole, akiifuata kama mtu anayefumua sweta. Alijikuta akilia mara nyingine, bila kufikiria jambo lolote hasa, pua ikimwaga juu ya udongo, akajipangusa kwa mkono wa koti na kuendelea. Siku mbili kifua kilimbana akabaki kitandani, na aliporudi sangari ilikuwa imeanza kutoa ncha za kijani katika sehemu aliyoimaliza.

Mbegu za viazi chama huagiza pamoja kila mwaka, na jina la Probert halikuwamo kwenye agizo. Nesta alipanda basi akaenda soko la upande wa pili wa mlima, mahali ambapo hakuna aliyemjua, akarudi na mfuko mzito mapajani. Alivipanga viazi kwenye trei za mayai katika chumba cha mama yake, dirishani, vichipue. Jioni alimkuta Emlyn amesimama mlangoni mwa chumba kile ambacho hawakuwa wakikiingia, akivitazama.

“Macho ya viazi yaelekee juu,” Emlyn alisema.

“Najua yaelekee wapi.”

Akashuka kurudi kwenye kiti chake.

Katikati ya Aprili, asubuhi moja yenye ukungu, Nesta aliwasikia kabla ya kuwaona. Kondoo sita au saba, manyoya yao ya kijivu yamelowa, walikuwa katikati ya kishamba cha Dilwyn, wakitafuna bila haraka. Walikuwa wamepitia kwenye pengo lake, wakavuka udongo aliokuwa ameulima, kwa kuwa kwake hapakuwa na cha kuliwa, wakaendelea ng'ambo ya njia. Alipiga kelele, akatupa madonge ya udongo, akawafukuza mpaka wakatoka walikoingilia. Kabichi zilikuwa zimebaki vishina. Miche ya vitunguu ilikuwa imekanyagwa ikazama matopeni.

Angeweza kuondoka. Alikaa juu ya toroli lake akangoja.

Dilwyn alikuja na kusimama mbele ya vile vishina. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Februari, akageuka akamtazama.

“Bi Probert,” akasema.

Miaka yote alikuwa shemeji.

“Kondoo wamepitia kwenu.”

“Naona, Dil.”

“Kabichi zote. Na vitunguu nilivipanda juzi tu.”

“Nitakupa zangu zikikua.”

“Zitakuaje, na wao kesho watarudi? Wameshaonja.” Akaonyesha pengo kwa kidole. “Uzio wenu uko wapi?”

“Unajua uko wapi. Tuliuchoma. Mama alikuwa anatetemeka.”

Dilwyn aliinamisha macho. Aligusa shina moja la kabichi kwa ncha ya buti.

“Najua,” akasema, sauti imepungua. “Nguzo mbili za kona nilizibeba mimi. Mumeo mgongo ulikuwa umegoma.”

Nesta hakuwa akilijua hilo. Emlyn hakumwambia.

“Angeniambia tu, Nesta. Hilo tu. Angegonga mlango wangu Jumapili ile akasema, Dil, nimeshindwa. Ningemtukana, ndiyo. Halafu ningeng'oa ngazi za nyumba yangu nikamletea azichome. Mimi na yule bwana dari limetuangukia tukagawana hewa ya kuvuta. Halafu nasimama langoni na wenzangu, basi linapita, namwona yeye dirishani, amejiinamia kama mwizi. Nilijua pale, pamoja na kila mtu.”

“Mimi ndiye niliyemwambia aende.”

“Miguu ilikuwa ya nani?”

Ukungu ulikuwa unapanda mlimani na kondoo walionekana tena, karibu kuliko alivyodhani, wakitazama.

“Mwambie uzio uwe umesimama Jumamosi,” Dilwyn akasema. “La sivyo nampelekea Garfield maneno, na Mei haitafika.” Akachukua sepetu yake akaanza kuvifukia vishina.

Nyumbani Nesta alieleza yote, isipokuwa lile la miguu. Emlyn alisikiliza akitazama moto.

“Ampelekee Garfield,” akasema. “Basi na yaishe.”

“Utakaa kwenye kiti hicho mpaka lini?”

“Huko nje kila mtu ananitazama.”

“Na mimi wananitazama akina nani?” Hakupandisha sauti. “Mimi napita hapo kila siku, Emlyn. Nabeba jina lako na langu. Kitu kile nilikitaka mimi, nikakutuma wewe, sawa. Basi njoo angalau unisaidie kukibeba.”

Nesta hakungoja ajibu. Jumamosi alipanda kwenye chumba cha nyuma akiwa na nyundo na spana. Hawakuwa na nguzo, na mbao hazikuwa zikipatikana, kila kipande cha ubao kijijini kikiwa kimekwenda motoni. Lakini kitanda cha Marged kilikuwa cha chuma, cha zamani, kirefu, chenye vyuma vilivyosimama kichwani na miguuni kama lango. Alipiga nyundo kwenye boliti iliyoshika kutu. Alipiga mara nyingi. Emlyn akatokea mlangoni.

“Unafanya nini?”

“Natengeneza uzio.”

“Hicho ni kitanda cha mama yako.”

“Mama hakihitaji.”

Emlyn akaingia, akampokea spana. Kwa Emlyn boliti zilitii. Walipokwisha kukifungua, akasema watahitaji kamba ya kuvutia waya, akaenda kwenye kibanda cha makaa, akarudi.

“Kamba iko wapi? Ilikuwa kwenye msumari.”

“Niliiweka.”

“Wapi?”

“Niliiweka tu, Emlyn.”

Aliona jinsi jambo lile lilivyomwingia taratibu usoni, kama maji yanavyoingia kwenye udongo mkavu. Nesta alikwenda kabatini, akaitoa chini ya shuka, akaileta, lakini hakuiachia Emlyn alipoishika.

“Nesta,” Emlyn akasema. “Hapana.”

Hakumwamini kabisa. Hata hivyo akaiachia.

Hivyo ndivyo Emlyn Probert alivyopita mtaani mchana, kwa miguu, kwa mara ya kwanza tangu Februari: mbele ameshika kichwa cha kitanda, mkewe nyuma ameshika upande wa miguuni, kamba begani. Ilikuwa saa ambayo wanaume husimama nje ya klabu ya wachimbaji kabla ya chakula cha mchana. Kisha mmoja akasema, si kwa sauti kubwa sana, lakini ya kutosha:

“Wanahama. Wapisheni, hata mlango wa lori nitawafungulia.”

Watu wakacheka.

“Leo basi lao halikuja kuwachukua?” akaongeza mwingine.

Emlyn alisimama akaweka chuma chini. Nesta aliona shingo ya mumewe imekuwa nyekundu. Lakini Emlyn alikuwa akibadilisha mkono tu. Akakiinua tena, wakaendelea. Mlango wa tatu kutoka kona, kikongwe Gwladys Prosser alikuwa akifagia kizingiti chake. Aliacha kufagia.

“Hicho ni kitanda cha Marged,” akasema.

“Ndicho, mama,” Nesta akajibu.

Gwladys alikitazama kinavyopita, akaingia ndani, akafunga mlango. Nesta hakujua alikuwa na maana gani.

Upepo ulikuwa umelipeperusha gunia. Emlyn alipofika kwenye kishamba alikutana na neno lile jeupe, naye Nesta hakuwa amemwambia. Alilisoma lote, herufi moja moja, kana kwamba ni jambo refu.

“Rangi ya mafuta,” akasema mwishowe. “Hii haitoki.”

“Nilitaka kuipaka nyingine juu.”

“Iache. Kila mtu ameshaisoma.”

Akavua koti. Alichimba mashimo ya nguzo upya, akayatoa maji kwa kopo, na kichwa cha kitanda kikasimama upande mmoja wa pengo, miguu yake upande mwingine, mawe yamepigwa kuzunguka chuma mpaka hakikutikisika. Katikati palibaki sehemu ya waya. Emlyn aliuokota waya wa zamani kwenye nyasi, akaunyoosha, akaufunga kamba, akavuta. Lakini waya wa namna hiyo hauvutwi na mtu mmoja. Ukivutwa huku unalegea kule, kwenye nguzo ya kona ya uzio wa Dilwyn. Nesta alikwenda kushika ile kona, waya ukamponyoka na kumchapa kifundo cha mkono.

Dilwyn alikuwa kwake muda wote, akipanda vitunguu vingine. Aliweka chini kamba yake ya kupimia mistari. Akaja kwenye kona, akamwondoa Nesta kwa mkono, si kwa ukali, akauzungusha waya kwenye koleo la chuma na kuegemea nyuma kwa uzito wake wote.

“Dil…” Emlyn akaanza.

“Vuta.”

Emlyn akavuta.

“Tena.”

Walivuta mistari minne namna hiyo. Hawakuhitaji kuelezana lolote. Kila mmoja alijua mwenzake atalegeza lini na kukaza lini, na Nesta, aliyesimama pembeni ameshika kifundo chake, aliona vigumu kutazama. Msumari wa mwisho ulipoingia, Emlyn alijipangusa mikono kwenye suruali, asijue aitie wapi.

“Asante,” akasema.

“Sikufanya kwa ajili yako,” Dilwyn akajibu. “Nimefanya kwa ajili ya kabichi.” Akarudi kwenye vitunguu vyake, akawapa mgongo.

Emlyn alikaa kwenye toroli. Nesta alidhani atasema twende nyumbani. Baada ya muda akainuka, akachukua uma, akaanza upande ambao mkewe hakuufikia, kwenye sangari nene kabisa, taratibu, kama alivyofanya kazi siku zote. Walilima mpaka mvua ilipowafukuza.

Viazi waliviweka ardhini mwishoni mwa Aprili, wakiwa wamechelewa. Garfield Pugh alipita Mei mosi, mikono nyuma, akatazama mistari, akatazama kitanda kilichosimama uzioni.

“Kimelimwa,” akasema, akaandika, akaenda zake.

Nesta alikuwa ametegemea kwamba kuna kitu kitafunguka baada ya hapo. Hakikufunguka. Kazini Emlyn aliendelea kula peke yake. Kuna siku alirudi na kupanda kilimani bila hata kunawa, na kuna siku alirudi akakaa kwenye kile kiti, na Nesta hakuweza kujua asubuhi itakuwa siku ya namna gani. Kamba ilining'inia tena kwenye msumari wake. Kila alipoenda kuchota makaa aliitazama kwanza.

Mwishoni mwa Mei, majani ya viazi yakiwa yamefika kifundoni, baridi kali ya usiku mmoja iliyachoma yakawa meusi. Nesta aliyakuta hivyo, akasimama katikati yake na jembe mkononi. Viazi huchipua tena, alijua hilo tangu utotoni, lakini asubuhi ile hakuwa na nguvu ya kulijua. Menna alikuwa anapita njia ya toroli na kikapu cha njegere cha mumewe. Alipunguza mwendo. Alitazama yale majani meusi, akatazama mistari toka mwanzo hadi mwisho.

“Umevipanda karibu karibu mno,” akasema. Akaendelea kutembea.

Nesta aliutazama mgongo wake hadi kwenye lango. Kisha akapima kwa mguu nafasi kati ya mstari na mstari. Menna alikuwa amesema kweli.

Vuli ya mwaka uleule mgodi ulifungwa, kwa waliogoma na kwa aliyerudi mapema, wote sawasawa. Kuna waliodhani jambo hilo litasawazisha mambo. Katika foleni ya kujiandikisha kwa wasio na kazi, Dilwyn na Emlyn walisimama siku moja, watu watatu kati yao, na hakuna aliyegeuka.

Lakini waliendelea kulima, miaka mingi, kila mtu upande wake wa njia. Waliambizana habari za kondoo, za maji ya bomba, za baridi inayokuja. Jambo lenyewe hawakuligusa. Dilwyn alipougua mapafu asiweze tena kupanda mlima, Emlyn alikilima kishamba chake msimu mzima bila kuombwa, akapanda liki na kabichi, na Menna alikuja akavuna bila kusema kitu. Nesta alimhimiza mumewe aende hospitali kumwona. Emlyn alivaa suti mara mbili, mara mbili akaivua.

“Hajaniita,” alisema.

Nesta alikwenda peke yake, akakaa kitini karibu na mlango wa wodi mpaka saa ya kutazama wagonjwa ikaisha, na Dilwyn alikuwa amelala, au alikuwa amefumba macho tu.